Kiti cha Mbao Zilizobaki

Mukula ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, mzito, na mtu asiyeujua mti huo akipita baadaye anaweza kudhani pamechinjwa mnyama. Kwa vizazi vingi huku Luapula, Zambia, haukuwa mti wa biashara. Watu waliujua kwa dawa na kwa rangi yake, basi. Kisha, katika miaka ya 2010, wanunuzi wenye soko China wakaufuata hadi misituni. Magogo yakajaa malori. Serikali ya Lusaka ikapiga marufuku, ikalegeza, ikapiga marufuku tena, na mwaka 2019 nchi zilizokutana Geneva chini ya mkataba wa CITES zikauingiza katika orodha ya viumbe ambavyo biashara yake ya kimataifa ni lazima idhibitiwe. Huko ulikokwenda, mukula hugeuka viti, makabati na vitanda vya hongmu, fanicha nyekundu zinazoiga zile za enzi za Ming na Qing, ambazo mwenye fedha hununua ziwe urithi wa wajukuu.

Sisi wa Kashikishi tunakalia plastiki.

Silalamiki. Kiti cha plastiki kina busara yake: ni chepesi, kinaoshwa, kinapangwa kimoja juu ya kingine, na msibani hakina mpinzani. Tena ni rahisi kuliko kiti chochote nitakachokuundia nyumbani, hata kama mbao nimeziokota. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaosifu useremala wa nyumbani hupenda kuanza na hesabu ya fedha walizookoa, na hesabu hiyo mara nyingi ina uongo ndani yake. Mtu akinunua msumeno, randa, patasi, nyundo, futi na gundi, kisha akahesabu na Jumamosi zake zote, kigoda chake cha kwanza kimemla kuliko viti vya plastiki vya ukumbi mzima. Unafuu huja baadaye, kwenye kitanda, kwenye kabati, kwenye vitu ambavyo dukani bei yake inatisha na ndani yake hamna kitu. Hata hivyo, si unafuu ninaousifu. Nasifu ile nidhamu ya kuanza na mbao zilizopo badala ya kuanza na picha ya kiti unachokitamani. Mwenye fedha huchagua kiti, halafu anatafuta mbao. Asiye nazo hutazama mbao, halafu anajiuliza humu mna kiti gani.

Na hapa zilizopo ni zipi? Mji umejinyoosha kando ya Ziwa Mweru, umeshikana na Nchelenge kiasi kwamba mgeni hajui mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Mbele ni maji, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Mashua hutoka hapa kwenda visiwa vya Kilwa na Isokwe. Samaki wadogo wa chisense huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana. Sokoni utasikia Kibemba kwanza, halafu Kiswahili cha Katanga, cha wachuuzi wanaovuka kutoka Pweto na ile Kilwa nyingine ya upande wa Kongo, na cha watu waliokimbia mapigano mwaka 2017, wakapokewa Kenani, kisha wakahamishiwa Mantapala, makazi yaliyofunguliwa mwaka uliofuata humu humu wilayani. Kiswahili si kigeni huku. Livingstone alipofika Mweru mwezi Novemba 1867 na kuingia mjini kwa mtawala wa huku, Mwata Kazembe, alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara wa kutoka upande wa pwani aliyekwishakaa huko miaka mingi. Mafundi nao hupita njia hizo hizo, na ukiuliza chini ya mwembe wowote wa karakana nani anajua kunoa msumeno vizuri, huenda ukaonyeshwa mtu aliyezaliwa ng'ambo.

Kwenye mbao, bwana mkubwa ni mulombwa, mti ambao Watanzania huuita mninga na wauzaji wa Zambia huuita mukwa. Sifa yake kuu haionekani kwa macho: hupungua kidogo sana unapokauka, na ukishakauka hutulia. Mlango wa mulombwa uliofungwa na babu bado hufunga bila kusugua. Bei yake ndiyo inayotufukuza. Lakini mafundi wa milango na fremu hubakiza vipande, vya urefu wa mkono, vya urefu wa paja, na vipande hivyo huishia jikoni kuwa kuni. Mtu aliyejenga urafiki na fundi wa milango anaweza kuvipata kwa bei ya kuni, na miguu ya kigoda haihitaji ubao mrefu kuliko huo.

Baada ya mulombwa huja paini, iletwayo kwa malori kutoka Copperbelt, kwenye mashamba ya paini na mikalitusi yaliyopandwa kuanzia miaka ya 1960 ambayo sasa yako chini ya shirika la ZAFFICO. Paini ni nyepesi, ina vifundo, hupokea msumari bila ugomvi, na mchwa humpenda sana anayeitumia. Kuna makreti na mapaleti yanayotupwa nyuma ya maduka. Halafu kuna boti kuukuu.

Hapa nitakaa kidogo, maana mtu aliyenifundisha mbao Kashikishi ni mzee mjenzi wa boti, ambaye hajawahi kuunda kiti maishani mwake na hukalia gogo. Nilimfuata nikitaka mbao zake za zamani. Akanipa, pamoja na somo ambalo sikuwa nimeliomba.

Mjenzi wa boti na seremala wa nyumbani hutumia ubao ule ule kwa nia zinazopingana. Boti inataka maji. Fundi hupachika mbao kando kwa kando, huziba nafasi kwa pamba na lami, kazi ile ya kalafati, kisha huliachia ziwa limalizie: mbao hunywa, hufura, hubanana, na kilichokuwa kinavuja asubuhi jioni kimekauka. Ndiyo maana boti iliyokaa mchangani muda mrefu huingiza maji siku ya kwanza kurudi ziwani, na mwenyewe hana wasiwasi. Kiti kinataka kinyume chake. Kiti huundwa kwa ahadi kwamba mbao hazitatembea tena, na mbao haziwezi kutoa ahadi hiyo. Hunywa unyevu wa Januari, huurudisha Septemba. Urefu wake karibu haubadiliki. Upana ndio unaotanuka na kusinyaa. Mzee alinionyesha hilo kwa ubao mmoja uliopasuliwa karibu na gamba: ulikuwa umejikunja kidogo, ukiikimbia ile duara ya kiini. "Unajaribu kunyooka kutoka kwenye mti wake," akasema. Ukijua kiini kilikuwa upande gani, unajua ubao utaelekea wapi, na unakipanga kiti chako ukiwa umeshajua.

Kwa hiyo meza inayoundwa masika kwa kupigilia mbao pana misumari pande zote mbili, kiangazi hupasuka katikati kwa mlio unaosikika chumba cha pili. Si uchawi, na si mbao mbaya. Mbao zilitaka kusinyaa, misumari ikazikatalia. Dawa yake haina gharama: uso wa meza ushikwe imara katikati, na kando tundu za skrubu zitanuliwe kuufuata upana wa ubao, ili ubao uteleze bila ugomvi. Kazi ya dakika chache kwa patasi nyembamba, na meza inaishi.

Tatizo la Kashikishi ni kwamba muda na hali ya hewa haviafikiani. Uvuvi kwenye Mweru hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Ndipo mikono inapokuwa haina kazi, boti zinavutwa pwani, nyundo zinasikika toka mtaa huu hadi ule. Na ndipo mvua inaponyesha, hewa imelowa, mbao zimevimba. Kiangazi kikifika, Mei hadi Oktoba, hewa inakuwa nzuri kwa useremala na kila mtu yuko ziwani au sokoni. Nimeona watu wawili wakilitatua jambo hili kwa njia mbili. Mmoja hukata na kupanga mbao mvuani, akiziwekea vijiti katikati ili upepo upite, chini ya bati, ncha zake zimepakwa rangi zisipasuke, na haziungi mpaka Julai. Mwingine hangoji Julai. Mvuani huunda vigoda na mabenchi tu, vitu vya mbao nyembamba ambavyo hata vikitembea havina pa kwenda, na huacha meza na makabati kwa ajili ya kiangazi. Mimi nimemfuata wa pili.

Mbao za boti zina masharti yake. Kwanza ni misumari: ile iliyokatikia ndani haionekani, na randa ikigonga mmoja tu, makali yamekwenda. Pitisha sumaku ya spika ya redio iliyokufa juu ya ubao kabla ya chombo chochote. Pili ni harufu. Ubao uliobeba samaki kwa miaka husuguliwa, huanikwa, na siku ya mvua bado hukumbusha kazi yake ya awali. Unafaa benchi la barazani, haufai kitanda. Tatu ni umbo, kwa kuwa mbao za ubavu wa boti zimepinda kwa makusudi. Watu huzikataa kwa sababu hiyo hiyo ambayo mimi huzitafuta. Egemeo la benchi linataka kupinda, na mpindo uliotengenezwa na mjenzi wa boti haujatoka kwa msumeno uliokata nyuzi. Nyuzi zenyewe zimefuata mpindo, na hazivunjiki kirahisi.

Kuhusu vyombo, nitasema machache. Mwaka 2024, ukame ulipoyashusha maji ya bwawa la Kariba na mgawo wa umeme ukawa wa karibu siku nzima, karakana za mashine zilinyamaza na zile za mkono zikaendelea. Si kwamba mkono ni bora kuliko mashine. Mpasuaji mbao yeyote atakucheka ukimwambia hivyo. Ila vyombo vya mkono vina hesabu moja nzuri: hukufundisha kutoranda pasipohitajika. Seremala wa nyumbani mwenye randa moja huchagua uso mmoja wa ubao, huunyoosha kwa uangalifu, huutia alama, na vipimo vyote huvichukua kutoka hapo kwa guni. Uso wa chini ya meza, ambao mkono hautaugusa ila wa mtoto anayebandika ubani, huachwa na alama zake za msumeno. Nimegeuza fanicha za zamani za wamisheni na kukuta chini yake ukwaru wa namna hiyo hiyo, na nikaiheshimu zaidi kazi yao.

Sasa viungo. Msumari hununuliwa, kiungo hutengenezwa, na mwenye kipato kidogo na jioni ndefu anajua kipi kina nafuu kwake. Tundu na ulimi ndiyo sarufi ya kazi yote hii. Ncha ya ubao mmoja huchongwa ulimi, ubao mwingine hutobolewa tundu, ulimi huingia kwa kugongwa, si kwa kusukumwa tu wala kwa kupigwa kwa nguvu. Ukiingia kwa kusukumwa, umelegea; ukihitaji nguvu, utapasua. Katikati ya hayo mawili kuna hali ambayo haiandikiki, mkono huijua. Kwa mtu wa Kashikishi kuna aina ya kiungo hiki inayofaa kuliko zote, nayo ni ile ambayo ulimi hupitiliza tundu na kutokeza upande wa pili, kisha hufungwa kwa kabari. Haina gundi, haina msumari. Mbao zikisinyaa Agosti, unaigonga kabari kidogo, kiti kinakaza. Na siku ya uhamisho, mwalimu au muuguzi anayepelekwa Kisiwa cha Kilwa anang'oa kabari, anafunga kitanda chake kama mzigo wa miti, anakipakia botini pamoja na magunia ya unga, na jioni anakilalia ng'ambo. Kitanda cha dukani cha mbao za kubandikwa hakisafiri hivyo. Kikilowa mara moja tu, kinafumuka kwa ndani.

Wazo la kuwapa watu michoro ya fanicha wajiundie wenyewe lina historia nje ya hapa. Mholanzi Gerrit Rietveld alibuni kiti cha mbao za kreti mwaka 1934, wakati wa mdororo wa uchumi. Mwaka 1974 Enzo Mari wa Milan akatoa michoro ya meza, viti, vitanda na makabati ambavyo mtu yeyote angeweza kuunda kwa mbao za kawaida, nyundo na misumari. Aliyetaka michoro alilipia stempu tu, na ruhusa ilikuwa ya wote isipokuwa viwanda na wafanyabiashara. Alitaka mtu akikiunda kiti mwenyewe ajue kwa nini kinasimama. Nampenda Mari kwa hilo, na nina ugomvi naye kwa mambo mawili. La kwanza ni misumari, na nimeshaisema. La pili ni kwamba michoro yake inaamini mbao zote zimenyooka na zina unene mmoja, kama zitokavyo kiwandani Ulaya. Ubao uliopasuliwa msituni kwa msumeno wa injini una unene huu ncha hii na unene mwingine ncha ile. Michoro haiwezi kuujua. Lazima ukae nao.

Lakini yaliyotokea Berlin miaka arobaini baadaye yangeeleweka haraka hapa ziwani. Kikundi cha Cucula, kilichowakusanya vijana wakimbizi kutoka Afrika Magharibi na wenzao Wajerumani, kilimwomba Mari ruhusa ya kuunda na kuuza viti vyake, naye akakubali. Baadhi ya viti hivyo walivitia vipande vya mbao za boti zilizobaki Lampedusa, kisiwa kilichokuwa kituo katika safari za kuvuka Mediterania. Kiti chenye ubavu wa boti hakihitaji maelezo kwa mtu aliyevuka maji akiwa amekaa juu ya ubao kama huo. Huku kwetu nako, anayevuka maji na kufika msituni mikono mitupu haanzi na kiti. Huanza na kitanda: nguzo nne zenye panda zinachimbiwa ardhini, miti miwili inalala juu ya panda, fito zinapangwa, mkeka unatandikwa. Hakina msumari, hakina hata ubao, na sijui fanicha nyingine inayopatikana kwa saa chache namna hiyo.

Kitu kimoja hunikera, nikiseme nipumue. Ni yale masofa makubwa yanayojaza sebule ndogo za bati. King'arishe kitambaa chake utakavyo, chini yake ni fito za mkalitusi mbichi zilizopigwa misumari, na povu litalala kabla deni halijaisha. Fundi wake si mjinga; anaunda kinachonunuliwa. Mnunuzi ndiye aliyekubali kutotazama ndani.

Zamani huku kutazama kiti lilikuwa jambo la adabu na la hatari kidogo. Watabwa, wanaoishi kati ya Mweru na Tanganyika, waliwachongea wakuu wao viti vyenye egemeo refu, vikiwa na safu za pembetatu ziitwazo balamwezi, kuchomoza kwa mwezi mpya. Waluba wa upande wa magharibi walichonga vigoda vinavyobebwa kichwani na umbo la mwanamke, na vingi vya vigoda hivyo sasa viko katika makumbusho za Ulaya, Tervuren ikiwemo. Mwata Kazembe hadi leo hubebwa kwa machela kwenye sherehe ya Mutomboko, kila Julai, kule Mwansabombwe. Kiti kiliundwa kwa ajili ya mtu mmoja anayejulikana, kwa cheo chake na kwa mwili wake. Waliobaki walikaa chini.

Kiwanda kiligeuza jambo hilo kikaunda kiti cha watu wote, na kiti cha watu wote kimepimwa kwa mtu asiyekuwepo. Sentimita arobaini na tano kutoka sakafuni, ndicho kimo cha kawaida, kiwe cha bibi, kiwe cha mtoto wa gredi ya kwanza. Nyumbani unaweza kurudi kwenye desturi ya wakuu bila kuomba ruhusa ya mkuu yeyote: mkalishe mwenye kiti, pima kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, toa kidogo ili paja lisibanwe, hicho ndicho kimo chake. Mama anayepika nshima, ugali wetu, kwenye mbaula, jiko la mkaa, anahitaji kitu cha chini zaidi, ili aweze kukoroga kwa mabega na si kwa kiuno. Kigoda chake kiwe kipana kwa nyuma, chembamba kwa mbele, magoti yapate nafasi. Nimeona wanawake waliopika miaka ishirini juu ya tofali wakikikalia kigoda cha kimo chao na kukisogeza huku na huko wakitafuta kasoro. Wakiikosa, wanataka kujua na cha mgeni kitakuwa wapi.

Meza ya mtoto ya kusomea ndiyo ngumu kuliko vyote, kwa kuwa mteja habaki na kimo kimoja. Ukimuundia kwa kimo cha leo, akifika gredi ya saba atakuwa amejikunja juu ya daftari, na mguu wa meza hukatwa, hauongezwi. Kwa hiyo meza na benchi lake vipe kimo cha mtu mzima tangu mwanzo, kisha toboa kila mguu wa mbele wa benchi mashimo kadhaa, moja juu ya jingine, na upitishe humo vijiti vya kushika ubao wa kukanyagia. Mtoto akirefuka, ubao hushushwa tundu moja. Ubao huo usiufanye wa mulombwa. Paini inatosha, maana viatu vitaumaliza kabla hajaingia sekondari, na wa pili ataukata mwenyewe.